Nyumba Moja, Majiko Matatu

Kijiji cha Syalkhet kilikuwa na majiko kumi na tisa siku karani alipokuja na kopo la rangi nyekundu. Wiki mbili baadaye yalikuwa majiko arobaini na moja, na hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa amezaliwa. Ndugu waliokula chungu kimoja tangu utotoni waligawana sufuria. Baba na mwana wakapigiliana ukuta wa mbao katikati. Mke wa fundi cherehani alimwacha mumewe Jumatatu, akahamia upande wa pili wa mlango na mafiga yake, na Jumatano watu wakamwona akimsugua mgongo kama kawaida.

Sababu ilikuwa barabara. Serikali ilikuwa inapanua barabara ya mahujaji, ile ipandayo kwenye mahekalu ya Kedarnath na Badrinath, ili mabasi mawili yaweze kupishana bila madereva kuanza kusali. Kila nyumba iliyosimama karibu na barabara ilipigwa namba nyekundu ukutani, na namba hiyo maana yake ni kwamba itabomolewa. Nyumba ingelipwa kwa ukubwa wake. Lakini juu ya hapo kulikuwa na laki tano za rupia na kiwanja cha kuanzia maisha mapya, na hizo hazikuhesabiwa kwa nyumba. Zilihesabiwa kwa jiko. Wanaokula moto mmoja ni familia moja, ndivyo ilivyoandikwa, na aliyeandika labda alidhani anawatendea watu wema.

Nyumba namba saba ndiyo pekee iliyobaki na jiko moja. Ilikuwa ya Chaita Devi, mjane wa miaka sitini na nane, mwenye magoti mabovu na ulimi ulionyooka. Humo waliishi wanawe wawili na familia zao. Trepan, mkubwa, aliendesha jeep ya mahujaji, na mkewe aliitwa Rukma. Dilbar, mdogo, alikuwa na kibanda cha chai ukingoni mwa barabara, na mkewe aliitwa Sulochana. Wajukuu walikuwa wanne. Watu tisa, moto mmoja, na Chaita Devi alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia ng'ombe wake. Aliwahi kumwambia jirani, mbele ya wanawake wote bombani, kwamba nyumba ya majiko mawili ni nyumba ya paka wawili. Maneno ya namna hiyo watu huyaweka akiba.

"Kaka, sisi ndio wajinga wa kijiji," Dilbar alisema jioni moja wakila chapati za ulezi na dengu. "Gopal ana majiko matatu. Gopal! Mtu ambaye hana chakula cha kutosha jiko moja."

"Usiniambie mimi. Mwambie Mama," Trepan akajibu.

"Mama yupo hapa na masikio anayo," akasema Chaita Devi. "Mnataka nini?"

"Laki kumi na tano badala ya tano. Jiko la Kaka, jiko langu, na lako wewe. Mjane anayejipikia anahesabiwa peke yake."

"Kwa kusema uongo."

"Kwa kusema wanachosema wote."

"Njia ya mwongo ni fupi, Dilbar."

"Ndiyo maana serikali inaipanua," Dilbar akasema, na hata Sulochana, ambaye si mwepesi wa kucheka mbele ya mkwewe, alijifunika uso na mtandio.

Rukma hakucheka. "Mama, nyumba hii inabomolewa Februari, upende usipende. Tukiondoka na kiwanja kimoja, tutalala wapi watu tisa? Tupangwe kama kuni? Hao wasichana wakikua, wabadilishie nguo machoni pa baba yao mdogo? Tuambie wewe mwenye kujua ukweli."

Chaita Devi aliinuka akaenda kumkamua ng'ombe. Kwa siku tatu aliendelea kupikia watu tisa kwenye moto ule ule. Siku ya nne baruti ya barabara ililipuliwa mlimani saa ya kukanda unga, ukuta wa nyuma ukapasuka kuanzia juu hadi chini, na plasta ikamwangukia kwenye sinia. Alichambua vipande kimoja kimoja kutoka kwenye unga. Kisha akawaita wanawe.

"Sawa. Lakini jiko likigawanywa, ligawanywe kweli. Sitasema mbele ya serikali kitu ambacho miungu haikijui. Iteni wazee watano, na chumvi iletwe."

"Mama, tunataka karatasi tu!" Trepan alisema.

"Karatasi bila kiapo ni ya kufungia karanga."

Kiapo cha chumvi kwao si cha mzaha. Chombo cha shaba hujazwa maji, kila mmoja hutia chumvi akitamka neno lake, na atakayelivunja huyeyuka kama chumvi ile, yeye au uzao wake. Wamewahi kuuana watu wa milima hiyo kwa ajili ya mpaka wa shamba, lakini mpaka ulioapiwa chumvi haujawahi kurudiwa kugombewa. Ukimwondoa Chaita Devi, hakuna mtu mwingine kijijini aliyefikiria kuapa kwa ajili ya laki tano. Wenzake wote walidanganya kwa amani.

Wazee walikuja Jumapili, watano, wakiongozwa na Mzee Bhopal Singh, ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa imefikisha majiko manne. Walikula mlo wa mwisho wa chungu kimoja: wali, dengu, na samli bila kipimo. Kisha chombo kikawekwa katikati.

"Moto wangu ni wangu, moto wako ni wako," Mzee Bhopal Singh akawatamkisha. "Sitakula kwako, hutakula kwangu."

Trepan alitia chumvi haraka kama anayekoleza mboga. Dilbar alitia yake akimkonyeza mkewe. Chaita Devi aliifunga ngumini kwanza, akafumba macho, na midomo ikacheza kwa muda mrefu kabla hajaiachia. Wazee wakapiga dole gumba kwenye karatasi wakiwa bado wanapiga mbweu.

Lilibaki jambo la tarehe. Karani Semwal, yule wa rangi nyekundu, aliwaeleza kwamba yatakayotambuliwa ni majiko yaliyogawanyika angalau miaka miwili nyuma, si jana. Penye udhia penyeza rupia: kwa elfu nane karani akaandika tarehe ya miaka miwili nyuma, na kwa chai na maandazi akawafundisha namna ya kuisema.

"Hiyo tarehe mimi siitamki," akasema Chaita Devi.

"Hutaitamka, Mama. Karatasi ndiyo itakayoitamka," Trepan akamtuliza. Alikuwa amebeba blanketi la mama yake begani, analishusha kwenye chumba cha chini, kando ya zizi la ng'ombe, ambako mafiga matatu yalikuwa yameshapangwa. "Ukaguzi ukipita tu, unarudi juu. Mwezi mmoja. Ikizidi, miwili."

"Na kiapo?"

"Tutawaita wazee wale wale wakifute. Mbuzi mmoja tu. Mimi mwenyewe nitamnunua."

Chaita Devi alimwamini, kwa sababu alikuwa mwanawe wa kwanza na hajawahi kumdanganya kwa jambo kubwa.


Rukma alichukua jiko la juu. Sulochana akapewa baraza na mtungi wa gesi. Siku za mwanzo Chaita Devi aliona kama mchezo. Moto wake uliwaka kabla ya mingine, na alikohoa kwa makusudi ili wakwe zake wasikie kuwa ameamka. Lakini chumba cha chini hakikuwa na dirisha, kuni zilikuwa mbichi, na moshi ulipokosa pa kutokea ulimwingia yeye. Novemba ilipoisha, mahekalu ya juu yalikuwa yamefungwa kwa theluji, mahujaji wameondoka, na bondeni zikabaki kelele za katapila peke yake.

"Mama, umechota unga kwenye pipa letu?" Rukma alimwuliza asubuhi moja kutoka juu ya ngazi.

"Pipa lenu lipi?"

"Pipa si limegawanywa? Mgawo wako uko kwenye kile kigunia."

"Nilisahau, mwanangu. Miaka arobaini mkono umezoea pipa lile."

"Usisahau. Siku mkaguzi akija na wewe ukasahau, laki kumi zimekwenda na maji."

Chaita Devi alipanda ngazi kwa magoti yake yale, akarudisha unga kwenye pipa, viganja viwili. Rukma alimtazama mpaka alipokung'uta mikono.

Mjukuu wa miaka minne aliwahi kumshushia bibi yake kipande cha chapati chenye sukari. Mama yake, Rukma, alimkuta mlangoni akampiga kofi, na kelele zikafika mpaka kwenye bomba. Kipande kile Chaita Devi alikirudisha mwenyewe. "Mpeni mtoto. Mimi nimeapa," akasema, na alisema kwa fahari. Hiyo ndiyo ilikuwa balaa yake. Wenzake walikuwa wanaogopa mkaguzi. Yeye alikuwa anaogopa kuwayeyusha wanawe.

Baridi ilipozidi alianza kushuka kwenye kibanda cha Dilbar kuota jua, kwa kuwa kibanda kilitazama mashariki. Siku moja Dilbar alimmiminia chai bila kuulizwa. Palikuwa na vibarua wa barabara kwenye benchi, na mtu mmoja aliyevaa koti la bluu. Chaita Devi alikunywa mpaka chini, akaweka glasi.

"Kumi," Dilbar akasema.

Chaita Devi alicheka. Dilbar hakucheka. Akainama kana kwamba anafuta meza, akamnong'oneza: "Mama, yule wa koti la bluu ni mtu wa upimaji. Yuko hapa kila siku anatutazama. Ukinywa bure, ataandika tunakula pamoja."

"Basi ungeniambia kabla sijanywa. Tena nimekunywa cha jiko lako, na nimeapa."

"Ukilipa si umenunua? Cha kununua si cha jiko. Lipa, Mama."

Alifungua fundo la mtandio. Alihesabu sarafu mbele ya vibarua, moja moja, na zikafika tisa. Akatafuta tena ndani ya fundo.

"Utaleta moja kesho," Dilbar akasema kwa sauti kubwa, ili mwenye koti la bluu asikie.

Kesho yake alileta, na Dilbar akaipokea. Baadaye ilijulikana kwamba yule wa koti la bluu alikuwa dereva wa gari la maji tu, mtu asiyejua hata kusoma, lakini rupia ile haikurudishwa.

Januari alishikwa na homa. Siku mbili moto wake haukuwaka, na ng'ombe upande wa pili wa ukuta akawa analia kwa kutokukamuliwa. Sulochana alishindwa kuvumilia. Alishuka na bakuli la maji ya tangawizi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Kunywa, Mama. Hakuna anayeona."

"Chumvi inaona."

"Mimi sikuapa. Waliapa nyinyi."

"Maji ni ya jiko la mume wako. Nikiyanywa, atayeyuka yeye, nawe utabaki mjane kama mimi. Rudisha."

Sulochana alilia pale pale, akabembeleza, akakataliwa. Alipopanda na bakuli limejaa, Dilbar alikuwa anamsubiri barazani.

"Kakataa?"

"Kakataa."

"Basi kakataa mwenyewe," Dilbar akasema, na uso wake ukaonekana kupata nafuu. Yale maji ya tangawizi akayanywa yeye, maana naye alikuwa na mafua.


Mkaguzi hakuwa mtu wa mchezo. Aliitwa Bibi Nautiyal, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya mlimani, na kabla ya kufika Syalkhet alikuwa amefuta majiko mengi katika vijiji vya chini. Hakuwa anasoma karatasi. Alikuwa anatazama dari. Jiko la miaka miwili lina masizi ya miaka miwili, na masizi hayapokei rushwa. Kwa Gopal alitazama dari jeupe juu ya mafiga, akafuta majiko mawili bila kukaa. Kwa fundi cherehani alipitisha kidole, kikatoka na oili ya gari, akacheka, akafuta. Mpaka mchana alikuwa amefuta kumi na tano, na nusu ya kijiji ilikuwa inamfuata nyuma, kila mmoja akitumaini jirani yake naye afutwe.

Nyumba namba saba aliikuta imejiandaa. Jiko la Rukma lilikuwa na masizi ya vizazi vitatu. La Sulochana lilikuwa la gesi, na gesi haina masizi, kwa hiyo likapita. Trepan akaanza kupumua. Akamwongoza afisa chini.

Bibi Nautiyal aliingia akainama. Miezi mitatu ya kuni mbichi ndani ya chumba kisicho na dirisha ilikuwa imefanya kazi ya miaka: dari jeusi tii, kuta nyeusi, na Chaita Devi mwenyewe ameketi kando ya mafiga, bado ana alama za homa, kope zimeungua kwa moshi. Afisa alitazama dari kidogo tu. Akamtazama yeye.

"Mama, unakula na wanao?"

"Hapana."

"Leo umekula nini?"

"Uji wa ulezi."

"Na jana?"

"Uji."

"Hawakuletei chochote?"

"Tumegawana moto, binti yangu. Sili kwao."

Alikuwa anasema kweli tupu, na ukweli ule ulimpa ujasiri. Mlangoni Trepan alikuwa ananyoosha vidole viwili, yaani miaka miwili, vya mkono alioficha nyuma ya Rukma, na karani Semwal ameinamia daftari lake.

"Tangu lini?" Bibi Nautiyal akauliza.

Chaita Devi alisukuma ukuni katikati ya mafiga.

"Diwali ya mwaka juzi, kwa mfano. Ulikula kwa nani?"

Diwali ya mwaka juzi aliikumbuka vizuri. Trepan alikuja na kilo mbili za jalebi, wakala wote kwenye sinia moja, na shira ikamtiririka Dilbar hadi kwenye viwiko. Kuifuta siku ile kwa mdomo wake hakuweza. Kuikubali nayo hakuweza, maana aliwaona wanawe mlangoni, na nyuso zao zilikuwa kama za watu wanaosubiri hukumu. Akatafuta pa kukanyaga. Mumewe alipofariki, mwaka mzima wa matanga alijipikia na kula peke yake, kama mila inavyotaka. Hicho kilikuwa kipande cha ukweli, akakishika.

"Tangu baba yao afe," akasema. "Tangu baba yao afe nilikula peke yangu."

"Alikufa lini?"

"Miaka sita."

Minong'ono ilianza mlangoni ikaenda mpaka nje. Jirani yule wa paka wawili aliirudia kwa sauti, ili hata walio mbali wapate: miaka sita! Karani Semwal aliandika haraka. Bibi Nautiyal alisimama pole pole, akawatazama ndugu wawili, viatu vyao, saa ya Trepan, kisha ngazi.

"Nimehesabu ngazi nikishuka," akasema. "Ni kumi na moja. Miaka sita mama yenu anakula uji, na jiko la samli liko ngazi kumi na moja juu ya kichwa chake."

Trepan alifumbua kinywa. Alitaka kujitetea, na utetezi aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa thamani ya laki kumi. Akafumba.

"Sikiliza basi," Bibi Nautiyal akaendelea. "Mzee aliyetelekezwa hatumpi kiwanja hapo mnapohamia nyinyi. Atapata chumba kwenye makazi ya wazee kule bondeni, saa tatu kwa gari, na laki tano zake zitaingia kwa jina lake. Lakini sijapiga muhuri. Mmoja wenu akisema sasa hivi, mbele ya watu hawa, kwamba anamrudisha mama yake kwenye jiko lake, nalifuta jiko hili. Laki tano zinaondoka, mama anabaki. Nani?"

Chaita Devi alishtuka. Kilichomshtua kwanza ni zile laki tano. Aliogopa wanawe wataropoka wote wawili kwa pamoja na kuzipoteza kwa ajili yake, na akawa anatafuta namna ya kuwakaripia bila afisa kuelewa. Alishaanza hata kuvuta mtandio begani, ajiandae kuinuka. Alisubiri sauti zao.

Katapila lilisikika likikwaruza mwamba huko chini. Dilbar alimtazama kaka yake, kwa kuwa mkubwa ndiye anayetangulia. Trepan alimtazama mdogo wake, kwa kuwa kitinda mimba ndiye anayebaki na mama. Sulochana alivuta pumzi ili aseme, na Dilbar akamkanyaga mguu, akaukanyagia hapo hapo.

Aliyesema ni Rukma. "Bibi Afisa, sisi tungependa sana. Moyo unatuuma. Lakini waliapa kwa chumvi."

"Waliapa?"

"Tuliapa," Trepan akadaka, na sauti yake ikapata nguvu. "Wazee ni mashahidi. Kiapo cha chumvi kwetu hakivunjwi. Tukivunja, watoto wetu wanakufa."

Mzee Bhopal Singh, ambaye asubuhi ile alikuwa amefutiwa majiko matatu na alikuwa hamwonei mtu huruma, akatikisa kichwa. "Hakivunjwi."

"Kwa mbuzi," Chaita Devi akasema kwa sauti ndogo. "Trepan, ulisema kwa mbuzi mmoja."

"Homa imempanda kichwani," Trepan akamwambia afisa. "Mama amezoea kujipikia mwenyewe. Ni mtu wa kiburi kidogo, wote hapa wanamjua."

Watu walicheka. Walikuwa wanamjua. Bibi Nautiyal hakucheka; alisubiri kidogo zaidi ya ilivyopasa, akitazama uso mmoja hadi mwingine, kisha akapiga muhuri juu ya goti lake na kumpa Chaita Devi wino wa dole gumba. Gari la kumchukua lingekuja Alhamisi. Angeruhusiwa sanduku moja na matandiko. Ng'ombe hapana.


Afisa na watu walipoondoka, Rukma alimshukia kabla vumbi halijatua.

"Miaka sita, Mama! Nani alikwambia miaka sita? Umetuvua nguo mbele ya kijiji kizima. Miwili haikukutosha?"

"Niliwaokoa," akasema Chaita Devi.

"Umetuokoa? Nitapita bombani kwa uso gani?"

Chaita Devi alirudi kukaa kando ya mafiga. Hakulia. Alikuwa anajaribu kukumbuka kama Trepan aliposema "hakivunjwi" alikuwa anamtazama yeye au afisa, na hakuweza kukumbuka, na jambo hilo lilimchoma kuliko mengine yote.

Jua lilipoanza kuegemea ukingo wa mlima alisikia miguu mingi kwenye ngazi. Rukma ametangulia na sahani ya wali na dengu, samli imeelea juu. Sulochana nyuma yake na sahani nyingine, chapati nne na mboga za majani, na macho yaliyovimba. Dilbar alileta glasi ya chai. Trepan alikuja mwisho na karatasi mbili na kikopo cha wino alichoazima kwa karani.

"Kula, Mama," Trepan akasema, akichuchumaa mbele yake. "Umekonda sana."

"Hiyo karatasi ni ya nini?"

"Ah, hiyo baadaye. Ni ya benki tu. Zile laki tano zako zinataka jina la mrithi. Wewe huko bondeni utafanyia nini pesa? Chumba bure, chakula bure. Kula kwanza."

"Mama asikie na upande wangu," Dilbar akasema. "Kaka tayari ana jeep."

"Dilbar, tulikubaliana nini juu?"

"Nyamazeni, wacha mama ale!" Rukma akasema, na akaisogeza sahani yake karibu zaidi kuliko ya Sulochana.

Harufu ya samli ilimjia Chaita Devi usoni. Miezi mitatu hakuwa ameinusa kwa karibu, na tumbo lake lilinguruma wote wakasikia. Alikuwa na njaa. Alikuwa na njaa kiasi cha kuona aibu.

"Na kiapo?" akauliza.

"Mama," Trepan akasema kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. "Ile ilikuwa chumvi tu."

"Mchana ulisema hakivunjwi."

"Mchana kulikuwa na afisa."

Chaita Devi alipandisha mtandio begani. Kisha akanyoosha mkono, si kwenye sahani. Akachovya dole gumba kwenye wino.

"Andika majina yote mawili. Nusu kwa nusu."

Trepan aliandika haraka, huku Dilbar akisoma kila herufi juu ya bega lake. Chaita Devi akapiga dole kwenye karatasi ya kwanza, akapiga kwenye ya pili, akafuta wino kwenye jivu.

"Sasa chukueni sahani zenu."

"Mama, angalau chapati moja," Sulochana akasema.

"Mimi niliapa kweli. Nikila, ni hawa watakaoyeyuka. Chukueni, vinapoa."

Walimbembeleza, lakini si kwa muda mrefu, kwa kuwa benki ya mjini hufungua mapema na karatasi bado zilihitaji sahihi ya Mzee Bhopal Singh. Wanaume walitangulia. Rukma aliziinua sahani zote mbili, chakula kingali kinatoa moshi, na walipofika katikati ya ngazi alimgeukia Sulochana akamwuliza, kwa sauti ambayo chini ilisikika vizuri, samli ile iliyopakwa kwenye chapati ilichotwa kwenye mkebe wa jiko gani.